Farasi wa Mwalimu Hobi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwalimu wa Kiingereza aliyetutoka wiki iliyopita. Sisi wanafunzi wake tulimwita Mwalimu Hobi. Hata mkewe alimwita hivyo, akitaka kumchokoza.

Jina hilo alijitakia. Kila darasa jipya alilianza kwa swali moja: hobi yako nini? Sisi tulijibu wote, kusoma. Akatutazama juu ya miwani. "Darasa zima? Basi mbona hamsomi?"

Halafu akatueleza. Zamani, kwa Kiingereza, hobi lilikuwa jina la farasi mdogo. Baadaye likawa la farasi wa fimbo, yule wanayemchezea watoto. Mtu mzima aliyenogewa na jambo lake akataniwa kwamba naye amepanda farasi wa mti. Ndivyo neno lilivyofika kwenye mambo tunayoyafanya kwa kupenda tu, bila kutumwa.

Yeye mwenyewe hakuwa na hobi. Mpaka mjukuu wake alipougua.

Mtoto alitoka hospitali miguu imelegea. Mtaalamu wa mazoezi alionya: asipotembea sasa, huenda asitembee tena. Magongo akayakataa. "Ya wagonjwa hayo," alisema, akageukia ukutani.

Mwalimu Hobi hakubishana naye. Alikata mpini wa ufagio, akauvika soksi iliyojazwa matambara, akashona vifungo vikawa macho. Akatengeneza na farasi wa pili, wa kwake. Mkewe akashika kiuno. "Baba, mpini wa ufagio wangu ndio huo umeota masikio?"

Mumewe alikuwa ameshapanda. Mzee mzima, na tai shingoni, anapiga mbio sebuleni. Mtoto alicheka mpaka akaomba wa kwake. "Hatufiki mbali," babu alimwambia, akimshika mkono. "Mpaka jikoni tu."

Wakaenda jikoni. Kesho yake wakaenda tena. Na tena, wasikilizaji, mpaka mkono wa babu haukuhitajika.

Juzi nilikwenda kutoa pole. Mlango alinifungulia mjukuu huyo, kwa miguu yake. Bibi yake, mjane wa Mwalimu, alikuwa kitandani. Tangu mazishi alikuwa hataki kuinuka, hataki kula. "Nimwinukie nani?" aliniuliza.

Mjukuu akatoka. Akarudi na farasi wa babu, yule mwenye jicho moja lililolegea. Akamwekea bibi mkononi.

"Hatufiki mbali, Bibi. Mpaka jikoni tu."

Bibi alilia kwanza. Kisha akashusha miguu.

Kwako Bibi, kwako mjukuu, na kwa familia nzima, poleni sana. Mwalimu wetu apumzike kwa amani. Nasi tulio nyumbani tutazame chumba cha pili. Huenda yupo aliyegeukia ukutani, na jikoni si mbali.