Wakala wa Kumuozesha Mdogo Wangu

Assalamu alaykum mama zangu, baba zangu, na wenzangu wote wa kikundi. Mwenyekiti kaniomba nizungumze kwa kuwa wengi wenu mna vijana Arabuni. Sitamtaja mtu kwa jina, ingawa Msuka hapa kila mtu atajua nani ni nani.

Mnanijua mguu wangu. Nilipomaliza skuli nilikwenda Tanga, Tanga nikaichoka, nikavuka Mombasa, nikafika Ngazija, mwisho nikatua Maskati, naendesha lori la maji. Kila mji nikiufika naanza kuililia Pemba, na Pemba nikirudi sikai sana nashika begi. Ndivyo nilivyoumbwa.

Nikiwa huko Maskati, mdogo wangu wa kike akapata mchumba. Mtoto yule ujana wake wote aliumaliza akimuuguza mama mpaka Mungu alipomchukua. Baba alikufa yeye akiwa bado tumboni, na baba hakuwa na ndugu wa kiume. Walii wake, mwenye haki ya kumuozesha, nilikuwa mimi peke yangu. Tajiri wangu hakunipa ruhusa ya kusafiri, kwa hiyo nikaamua kumpa wakala shehe wetu wa hapa aniozeshee. Wakala wa kwenye simu haukutosha. Ofisi ya kadhi kule Chake Chake ilitaka karatasi yenye mihuri.

Ndugu zangu, nawaambia, mihuri ina safari ndefu kuliko zangu. Nilifanya kama tufanyavyo sisi: nikawaita Wapemba wenzangu wawili chumbani, tukasoma Fatiha, nikatia saini, nao wakatia. Nikaipeleka kwa mthibitishaji wa hati wa kule. Akaitazama, akauliza, "Ulitia saini mbele ya nani?"

Nikamjibu, "Mbele ya Mungu na Waislamu wawili."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Mungu namkubali," akasema, "lakini mimi sikuwepo. Andika nyengine, utie saini nikikuona."

Kumbe kazi yake ni kushuhudia kwamba mkono ni wangu. Nikaanza upya. Alipogonga muhuri wake, wizara ya kule ikauthibitisha, kisha ubalozi wetu ukauthibitisha wa wizara. Mwenzangu mmoja aliyekuwa anakuja Pemba akaichukua.

Nikadhani yamekwisha. Mdogo wangu akanipigia kutoka Chake. "Kaka, wanasema weye si kaka yangu."

Hapa wazee mtanielewa. Baba alipofariki, mjomba alinichukua akanilea, na siku ya kuanza skuli akaniandikisha kwa jina lake. Nani hapa hajafanya hivyo? Cheti cha kuzaliwa kikafuata skuli, na paspoti ikafuata cheti. Kwa karatasi mimi nilikuwa mtoto wa mjomba, na mtoto wa mjomba hana uwalii.

Karani, kwa huruma yake, akamwambia mdogo wangu kwamba njia ipo: asiye na walii, kadhi humuozesha. Mdogo wangu akamjibu, "Asiye na walii ni asiye na mtu. Mie nina kaka. Nitangoja."

Nililisimamisha lori kando ya barabara nikalia. Katika kutanga kwangu kote sikuwahi kujiona niko mbali na kwetu kama siku ile. Na mchumba naye, angengoja mpaka lini?

Aliyenitoa ni mjomba mwenyewe. Magoti yalikuwa yanamsumbua, hata msikitini alikwenda kwa taabu. Aliposikia, akatafuta gari, akenda na mdogo wangu mahakamani Chake kula kiapo. Yote haya nilihadithiwa. Ofisa alimuuliza, "Huyu aliyeko Maskati ni mwanao?" Mzee akaomba aulizwe tena. Fikirini, ndugu zangu. Kanilea, kanitia jandoni, kaniita mwanangu miaka yote, na sasa anatakiwa anikane mbele ya watu.

Akasema, "Nimemlea. Sikumzaa. Yeye na binti huyu ni baba mmoja, mama mmoja." Akamtaja baba yetu, akaweka dole gumba. Walipotoka nje akamwambia mdogo wangu, "Mwambie hilo la leo ni la mahakamani. Akija nyumbani kwangu asipige hodi."

Kiapo kikaambatanishwa na wakala, na wakala ukapokewa. Nikaha niliisikiliza kwenye simu, ndani ya lori. Shehe alinitaja kuwa ndimi niliyempa wakala, akalitaja jina langu na la baba yangu yakifuatana. Nilikuwa mtu mzima tayari, na sikuwahi kuyasikia pamoja mbele ya watu.

Nawashukuru wale Wapemba wawili, ingawa saini zao hazikufaa kitu. Namshukuru mthibitishaji aliyecheka kisha akanielekeza, shemeji yangu aliyengoja, na mdogo wangu aliyekataa kuozeshwa kama asiye na mtu.

Nanyi mnaolea watoto wa ndugu zenu, waleeni kama wenu, lakini skuli waandikisheni kwa baba zao. Mliokwisha kosea, kaleni kiapo wakati anayeujua ukweli bado yu hai. Mjomba angekuwa ametangulia, nani angenisemea?

Yule pale, kainama anatazama mkeka. Asubuhi kaniambia nisimtaje. Basi niitikieni amin: Mwenyezi Mungu amzidishie afya, na mlango ule nisioupigia hodi usifungwe.