Ambrose Devenish wa Kilcorran, 1861–1937

Wasifu huu unasomwa langoni, si ndani ya kanisa, kwa agizo la marehemu. Nusu ya waombolezaji ni Wakatoliki, na dini yao haiwaruhusu kuingia kwenye ibada yetu ya Kiprotestanti. Anayeusoma ni Honoria, dada yake.

Ambrose alizaliwa Kilcorran, Roscommon, hapa Ireland, tarehe 4 Machi 1861. Mababu zake walitoka Uingereza wakaipata ardhi hii kwa upanga, na ni vyema jambo hilo lisemwe wazi angalau leo. Alisoma Uingereza, akarudi na lafudhi iliyowachekesha wachungaji wa kondoo, kisha akamaliza Chuo cha Utatu, Dublin, mwaka 1883.

Mwaka 1892 aliingia Bunge la London. Kwa miaka kumi na minne alipinga Ireland kujitawala, kwa hotuba ndefu ambazo hata waliomuunga mkono walisinzia wakizisikiliza. Hata hivyo, mwaka 1904 aliwauzia wapangaji wake mashamba waliyoyalima, akabaki na nyumba na malisho machache.

Tarehe 12 Juni 1894 alimwoa Letitia Wray, wakajaliwa Hugo na Olivia. Hugo aliuawa vitani Flanders mwaka 1917. Letitia alimfuata mwaka uliofuata, na Ambrose akabaki na binti tu.

Februari 1923, mchana kweupe, wapiganaji wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliichoma nyumba. Honoria alimsihi, "Twende Uingereza, kaka. Hapa hatutakiwi."

"Kule wataniita Mwairishi," alijibu. "Afadhali niitwe Mwingereza hapa hapa, na watu ninaowajua."

Akahamia nyumba ya msimamizi wa mashamba, iliyokuwa ikivuja. Malachy Brehony, mtoto wa mpangaji wake wa zamani, alikuja kuezeka. Paa lilikwisha kwa wiki mbili, lakini Malachy aliendelea kuja, na Olivia ndiye aliyejua sababu. Ambrose aliposikia kwamba wawili hao watafunga ndoa ya Kikatoliki, alinuna miezi mitano.

"Baba, ni kesho saa nne," Olivia alimwambia. "Kiti chako kipo mbele. Usipokuja kitabaki kitupu, na watu watakiona."

Tarehe 8 Septemba 1926 alikwenda, lakini akasimama nje ya kanisa lao, mvua ikimnyeshea. Mama mzazi wa Malachy, Bridie, akatoka kumfuata.

"Bwana Ambrose, unamngoja nani?"

"Sijui kama nafaa kuingia, mama."

"Kama huwezi kuingia kama baba, ingia kama mgeni. Sisi mgeni hatumfukuzi."

Aliingia. Alilia waziwazi, na hakuwahi kuona haya kwa hilo. Miaka kumi na moja iliyofuata ilikuwa ya furaha kuliko yote, akiwafundisha wajukuu kupanda farasi na kubishana siasa.

Moyo wake ulianza kudhoofika Septemba mwaka huu. Alifariki tarehe 9 Novemba, mkono wake ukiwa mkononi mwa Olivia.

Ameacha binti, mkwe, wajukuu watatu na dada. Mungu amlaze pema katika udongo aliokataa kuuhama.

Ameacha pia agizo kwamba asibebwe na ndugu wa damu. Malachy, wewe na wenzako watano, wana wa wapangaji wake, mmengoja nje asubuhi nzima kwenye baridi. Ibada imekwisha. Mchukueni, ni wenu.