Komeo, Kocha Aliyekaimu Maisha Yake Yote

Wasikilizaji wapendwa, aliye na kazi mikononi aendelee nayo, ila masikio naomba mnipe mimi. Leo tunamkumbuka Komeo. Alikuwa beki wa kati, kisha kocha. Amefariki Jumanne, hospitalini, baada ya kusumbuliwa na moyo kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Nawaambia mapema kwamba nina uchungu na sitauficha. Aliyekuja kusikiliza sifa tupu, leo atanisamehe.

Jina la Komeo alilipata kwa wapinzani. Kulikuwa na mshambuliaji mmoja, binti mwenye mbio za ajabu. Siku moja, baada ya kukabwa na beki wetu huyu, alitolewa uwanjani analia. Kocha wake akamuuliza kulikoni, naye akajibu, "Mwalimu, pale hapapitiki. Wameweka komeo." Benchi zima likacheka, na jina likaganda.

Uchezaji wake ulikuwa wa peke yake. Mabeki wengi hujitupa chini kuuchukua mpira, na watu hushangilia. Komeo alichukia jambo hilo kupita kiasi. Alikuwa akisema, "Ukiniona nimelala chini, ujue nilichelewa." Basi mechi ikiisha, jezi yake ni safi, na wasioujua mpira wanaulizana huyu amefanya nini leo.

Viatu vya timu ya wanawake vilikuwa vile ambavyo timu ya wanaume imevichoka. Komeo alikuwa na mguu mdogo. Mdogo wake, fundi cherehani, ndiye aliyemkatia mabaki ya vitambaa ajaze mbele. Nilimkuta juzi kwenye cherehani ileile, amekaa tu, hashoni.

"Dada kaichezea timu ya taifa na vipande vya mashuka ya wateja wangu ndani ya viatu," akaniambia. "Wenye mashuka mpaka leo hawajui." Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

Goti lilipomkatalia, Komeo hakuondoka uwanjani. Alfajiri alikuwa kwenye kiwanda cha mikate, akipakia. Mchana alikuwa na mabinti wa klabu yake, akifundisha. Mikate iliyovunjika aliruhusiwa kuichukua, kwa hiyo mazoezi yake yalianza kwa kutafuna. Alikuwa hamfundishi mtu mwenye njaa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo palipo na habari yenyewe. Komeo aliwafundisha mabeki kwa kamba. Kamba ya kuanikia nguo. Aliichukua nyumbani kwa mama yake, akawafunga mabeki wanne kiunoni, mmoja baada ya mwingine. Mmoja akibaki nyuma, wote wanavutwa. Wanapanda pamoja, wanarudi pamoja. Yeye anasimama pembeni, anaita neno moja tu, "Panda!" Wote wanne wanapiga hatua mbele, na mshambuliaji anabaki nyuma yao ameotea. Kibendera juu.

Mama yake naye akabaki na beseni la nguo mbichi uani. "Nilimuuliza, mwanangu, nguo nianike wapi, shingoni kwako?" mama huyo ameniambia. "Akanijibu, mama, vumilia, hii kamba itachukua kombe. Nikavumilia. Nikaanika kwenye ua wa jirani, nikagombana na jirani."

Baada ya miezi kadhaa kamba haikuhitajika tena. Mabeki wale waliisikia viunoni hata ikiwa haipo. Walichohitaji ni sauti yake. Likumbukeni hilo, wasikilizaji. Walichohitaji ni sauti yake.

Timu ikapanda daraja, kisha ikapanda tena. Ilipoingia ligi kuu, klabu ikaleta kocha mwanamume, na Komeo akaitwa msaidizi. Kocha yule akafungwa mechi mfululizo, akafukuzwa. Komeo akapewa timu akaimu. Akaikaimu, ikasimama, ikaanza kushinda. Wakaleta mwingine. Komeo akarudi kuwa msaidizi. Na huyo naye akavurunda, akaondoka. Nani akaimu? Mnamjua.

Ndivyo alivyoishi katika klabu ile miaka yote. Timu ikiumwa, yeye ni kaimu. Ikipona, yeye ni msaidizi. Kocha mkuu hakuitwa hata siku moja, na hicho ndicho kitu pekee alichokitaka. Mdogo wake anasema Komeo hakuwahi kuomba nyumba wala gari. Alitaka asimame pembeni ya uwanja siku ya fainali, na mtangazaji aseme kocha mkuu ni fulani. Basi.

Mwaka mmoja timu ikafika fainali ya kombe. Ilifikishwa na Komeo, akiwa anakaimu. Wiki moja kabla ya mechi, mwenyekiti wa klabu akamwita ofisini. Mabinti walikuwa wamejibanza nje ya dirisha, na nahodha wao, aliyecheza beki wa kushoto, alisikia kila neno.

Mwenyekiti akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama, wewe ni mzazi wa mabinti hawa. Bila wewe hakuna timu. Lakini fainali inataka mtu mwenye sura ya ukocha. Ulezi na ukocha ni vitu viwili."

Komeo akamjibu, "Mwenyekiti, ulezi niliufanya nyumbani kwetu. Hapa nimefundisha mpira."

"Usilichukulie hivyo, mama."

"Nilichukulieje?"

Mwenyekiti alikuwa tayari ana kocha. Alikuwa ni yule mashabiki waliyemwita Profesa, kwa sababu ya miwani. Profesa alikuja na msaidizi wake mwenyewe, na nafasi ya Komeo kwenye benchi ikaisha. Mwanamke aliyeifikisha timu fainali alikata tiketi, akapanga foleni na mashabiki, akaenda kukaa jukwaani nyuma ya goli. Mdogo wake alikuwa pembeni yake.

Mpaka dakika za mwisho ilikuwa bila kwa bila. Kisha wapinzani wakaupata mpira katikati. Mshambuliaji wao akajiweka sawa na mstari wa mabeki. Uwanja mzima uliona kinachokuja. Fundi cherehani akamshika dada yake mkono.

"Waite, dada. Piga kelele."

"Timu ina mwalimu wake," Komeo akasema. "Wakisikia sauti mbili watachanganyikiwa."

"Mwalimu gani? Huyo anayefuta miwani?"

Komeo akauma midomo, hakuita. Na kule uwanjani mabeki wanne wakasimama. Hawakupanda, hawakurudi. Nahodha ananiambia kwamba walikuwa wanasubiri. "Mwili wangu wote ulikuwa unasubiri neno," anasema. "Niligeuza mpaka kichwa kutazama benchi. Nilikuwa najua hayupo, na bado nikageuza kichwa." Pasi ikapita katikati yao. Bao. Kombe likaenda kwa wengine.

Jioni ile Profesa akawaambia waandishi wa habari, "Mabeki hawa wamefundishwa vibaya. Wanasubiri kuambiwa." Habari ikatoka hivyohivyo. Hakuna aliyemtafuta Komeo aseme lake. Mwezi uliofuata klabu ikamwambia hana kazi tena, hata ya usaidizi.

Wasikilizaji wapendwa, nitasema kweli, maana marehemu hapambwi kwa uongo. Profesa hakukosea kwa yote. Mabeki wale kweli walisubiri kuambiwa. Nahodha mwenyewe anakubali.

"Alikuwa na kosa, na alilijua," anasema. "Alitufundisha kumsikia yeye. Hakutufundisha siku ambayo hatakuwepo. Lakini niambie, mtangazaji, kocha gani anafundisha timu yake siku atakapoondolewa wiki ya fainali? Alidhani atakuwepo. Hilo ndilo kosa lake lote."

Kwa hiyo nikimsikia mtu anasema Komeo aliipoteza fainali, damu inanichemka. Walimnyamazisha, kisha wakamshtaki kwa ukimya.

Baadaye alifundisha mabinti wadogo kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya kiwanda cha mikate, kati ya magari ya kusambazia mikate. Aliwafunga kamba vilevile. Lakini hakuita tena. Kila beki aliita kwa zamu, na yeye alisimama mbali, mikono nyuma, mdomo amefunga. Mabinti walidhani ni ukali. Mdogo wake anajua zaidi, kwa kuwa ndiye aliyekaa naye hospitalini. Anasema dada yake hakumlaani mwenyekiti wala Profesa. Alirudia jambo moja tu, "Ningewaita. Mdogo wangu, ningewaita tu." Fundi huyu alimjibu kila mara, "Usingeweza, dada, uliheshimu kazi ya mtu." Naye akageukia ukutani.

Narudia. Tunamkumbuka Komeo, beki wa kati, kisha kocha, aliyefariki Jumanne. Anazikwa kesho mchana. Mabeki wake wanne wameomba walibebe jeneza wao, na familia imekubali.

Kuna jambo moja limebaki, na nimelifikiria sana kama nilitaje. Jana katibu wa klabu ile alinipigia simu. Alikuwa na sauti ya majonzi, sina sababu ya kusema alikuwa anaigiza. Akaomba katika kipindi hiki nimtaje marehemu kwa heshima zote kama Kocha Mkuu wa klabu. Akasema mwenyekiti ameridhia. Ameridhia, wasikilizaji. Sasa.

Sikutaka kuamua peke yangu, nikampigia fundi cherehani.

"Usiseme hivyo," akaniambia. "Sema walivyomwita akiwa mzima. Dada hakufa na hicho cheo, na mimi sitakubali wamvishe akiwa kwenye jeneza ili wao walale usingizi."

Basi nasema kama familia ilivyotaka. Komeo alikuwa kaimu kocha, na kocha msaidizi, wa klabu hiyo, hadi walipomtoa. Aliyechukia ampigie mwenyekiti, asinipigie mimi.

Kwa mama mzazi, ambaye anamzika binti yake wa kwanza, tunakupa pole, mama yetu. Kwa mdogo wake fundi cherehani, kwa nahodha na wenzake, kwa wafanyakazi wa kiwanda cha mikate na mabinti wa kile kiwanja cha vumbi, poleni sana. Mungu awatie nguvu, naye ampumzishe Komeo mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, tafakari. Huenda uwanjani kwenu yupo mwanamke anayepanga koni tangu asubuhi, anayejua kila goti linalouma, huku anayeitwa kocha ni mwingine. Mwite kwa cheo chake leo, mbele ya watu, akisikia. Usingoje mpaka mimi nimtaje kwenye kipindi hiki.