Ng'ombe wa Maige kwenye Kioo Kisicho na Rangi

Umeme ulikuwa umekatika Nachingwea tangu juzi, simu zote za kijiweni zimekufa. Kijiwe chetu ni benchi la Dada Brigita, muuza kahawa, kando ya ukuta wa parokia. Mapadri wana sola, na intaneti yao hutufikia pale nje. Asubuhi hiyo alikuja Maige, mfugaji aliyehamia kwetu kutoka Kanda ya Ziwa. Ng'ombe wake mwekundu, anayewanywesha watoto wake maziwa, alikuwa amepotea. Dereva mmoja kamwambia kuna ng'ombe jike kaonekana Ruangwa, hana mwenyewe, picha yake iko mtandaoni. Kifaa pekee chenye chaji kilikuwa cha Mwalimu Titus, tunayemwita Kamusi: kibao cha kusomea vitabu, kioo chake kama karatasi.

— Huyu hapa, — Kamusi alisema, baada ya ukurasa kufunguka kwa kujikongoja.

Maige aliinama akamwangalia.

— Mbona wa kijivu?

— Kibao hakina rangi, kaka. Nyeusi na nyeupe basi.

— Fungua hiyo video, nione anavyotembea.

— Video hakiwezi. Hiki ni cha kusomea. Mtandaoni kinachungulia tu.

Akagusa tena. Kioo kikawa cheusi chote, kisha kikarudi cheupe.

— Kimezimia! — alishtuka Geofrey, kijana wetu wa bodaboda.

— Hakijazimia. Kinafuta ili kiandike upya.

— Kamusi, usitupange, — alidakia Mzee Eustakio, mkulima wa korosho tuliyembatiza Bulitini. — Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hicho kinaficha rangi, kitazaa nini?

— Mzee, labda ng'ombe mwenyewe kapauka, — Geofrey alisema. — Jua la njiani lile!

— Siyo jua. Huzuni! Ng'ombe akimkumbuka mwenyewe, wekundu unamtoka. Halafu chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu kajitembeza mpaka Ruangwa!

Tulicheka, ila Maige hakucheka. Wiki iliyopita aliambiwa ng'ombe wake yuko Chiola. Akaenda kwa miguu, akakuta dume.

— Sitaki kwenda bure tena, — alisema polepole. — Na dereva anasema kuna mtu wa Kilimarondo naye anamdai. Nikifika nikababaika, wataniona mwizi. Mwalimu, mkuze kidogo.

Kamusi akamkuza. Ng'ombe akageuka vidoti, kama uji wa ulezi uliomwagika.

Hapo ndipo alipofika Zipora, mke wa Maige, mtoto mgongoni. Akakitazama kibao, akatutazama na sisi.

— Baba Gidioni, ng'ombe huyo ukimwita, haji?

Bulitini alikohoa. Kamusi akakizima kibao chake. Maige alisimama, akavaa kofia.

— Geofrey, washa pikipiki.

Jioni umeme ulirudi, Zipora bado yuko nasi benchini. Simu ya Kamusi ilipoita, akaweka spika tusikie wote: alikuwa Geofrey, kwa simu ya kuazima, sauti imemkauka kwa vumbi.

— Yule wa Kilimarondo alikuwepo kweli. Kaita, kapiga mluzi, ng'ombe anatafuna tu. Maige yeye kasimama mbali, kaita kwa Kisukuma mara moja.

— Ikawaje? — tuliuliza wote.

— Ngojeni, nampa Maige simu.

Tulisikia pumzi nzito karibu kabisa na simu, halafu ng'ombe akalia, na Zipora akajishika mdomo.