Ushahidi wa Chumvi ya Keta

Basi la kutoka kitongoji cha Madina kwenda mjini halijafika hata kituo cha Shiashie, dada aliyekaa mbele yangu akapiga kelele kwenye simu: "Mama! Ni mimi Kafui! Makala yangu imekubaliwa! Inachapishwa Ulaya!" Tukampigia makofi, hata sisi tusiojua makala ni mdudu gani.

Jirani yake, mhadhiri mwenye rundo la mitihani mapajani, akauliza inahusu nini.

"Chumvi ya kwetu Keta, kaka! Niliandika kwamba ziwa likikauka wanawake wanavuna chumvi. Mhakiki wa jarida lao akauliza nimejuaje, nilete ushahidi wa kitabu."

"Si ungemwambia umezaliwa huko?"

"Kuzaliwa si ushahidi! Nikatafuta, nikapata kitabu cha profesa wa kwao. Naye kaambiwa na 'mwanamke mmoja mvuna chumvi'. Picha ipo. Kaka, ni mama yangu!" Akacheka mpaka machozi.

Mhadhiri hakucheka. "Kwa hiyo maneno ya mama yako umeyanukuu kwa jina la mzungu? Iondoe hiyo makala!"

"Niiondoe, halafu cheo chuoni utanipa wewe? Majarida ya hapa nani anayahesabu? Wewe mwenyewe umechapisha wapi?"

Mhadhiri akaanza kupanga mitihani yake, ingawa ilikuwa imepangika vizuri tu.

Basi likasimama kituo cha mwisho, Tema Station. Kafui akainua simu, kumbe hakuwa ameikata, na spika iko wazi. Tukamsikia mama yake: "Yule mzungu nilimtajia jina langu, akasahau kuliandika. Wewe umeliandika, mwanangu?"