Mama Vipimo na Gari la Makasha Kumi na Moja

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vipimo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi seremala na mshona nguo. Tangu utotoni alimshikia babu ncha ya pili ya utepe wa kupimia. Akiwa na miaka saba alimsahihisha babu mbele ya mteja. Babu akapima upya, akakuta mtoto amesema kweli, akaendelea na kazi kwa kipimo hicho.

Alimaliza sekondari mwaka 1968, akajiunga na chuo cha ufundi kusomea ukerezaji wa vyuma. Darasani walikuwa ishirini na sita, msichana akiwa yeye peke yake. Alihitimu Novemba 1971 akiwa wa pili. Aliyekuwa wa kwanza tuko naye hapa leo, na ameniruhusu niseme kwamba alikuwa akinakili michoro ya mama.

Januari 1972 aliajiriwa katika karakana ya pampu za maji, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2011 akiwa msimamizi wa zamu. Wenzake wanasema pampu iliyopita mikononi mwake haikurudishwa.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na baba yetu, mwalimu wa shule ya msingi, na wakajaliwa watoto watatu. Baba hachoki kusimulia jinsi mchumba wake alivyokataa katakata kununua kitanda kabla ya kupima mlango wa chumba walichopanga. Kitanda kilipita, kikaacha upana wa kidole kila upande.

Mei 2013 yaliletwa nyumbani makasha kumi na moja ambayo mama alikuwa ameyaagiza. Ndani yake mlikuwa na gari, ila lilikuwa vipande vipande: vyuma vya fremu, bodi, nyaya, nati za kila namna, na kitabu cha maelekezo cha kurasa mia tatu. Injini ilitoka kwenye gari kuukuu la mama mdogo. Mimi, bintiye wa kwanza ninayewasomea haya, sikufurahi. Nilitaka mama apumzike. Nikamuuliza, "Mama, kwani huko gerejini unatafuta nini?"

Akajibu bila kuinua kichwa, "Gari."

Nikasusa. Kwa miaka sita, kila nilipokwenda nyumbani niliishia sebuleni, huku nikimsikia baba akimsomea mkewe maelekezo kwa sauti ile ile ya darasani.

Mwaka wa tatu, bodi ikiwa imeshapachikwa, mama aligundua kwamba kona moja ya fremu imepinda milimita sita. Baba akasema, "Milimita sita nani ataziona?"

"Tairi zitaziona," mama akasema. Akashusha bodi, akaikata kona ile, akailehemu upya. Kazi hiyo ilimchukua miezi saba.

Agosti 2019 mama aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alifanyiwa upasuaji, na daktari akamkataza kazi nzito kwa mkono wa kulia. Gari lilikuwa limebakiza nyaya, breki na viti. Mama hakuwa mtu wa kuombaomba, lakini siku moja alinipigia simu. "Mkono wangu mmoja uko likizo," alisema. "Njoo na wako."

Nilikwenda kila Jumamosi kwa miezi kumi na minne, yeye kitini, mimi chini ya gari. Siku moja, nikiwa nimelala pale chini, nilimwomba radhi kwa miaka niliyokaa sebuleni. Akasema, "Zungusha robo nyingine." Kisha akaongeza, "Kila ukifika nilikuwa nazima mashine, nisikie tu unavyoongea na baba yako." Nilikaza nati.

Tarehe 9 Februari 2021 tulilipeleka gari kukaguliwa. Mkaguzi akaanza kumhoji baba. Baba akamwambia, "Mimi ni msomaji tu, mwanangu. Fundi ni huyu mama." Mkaguzi akalikataa: breki ya mkono haikushika sawasawa. Mama akamwambia, "Umeona vizuri." Breki ile niliifunga mimi, na hakunisema hata neno moja. Tulirudi baada ya siku tisa, likapita. Jumapili iliyofuata mama alimbeba baba kando yake, wakaenda kumwona mama mdogo, kilomita mia na arobaini. Mama mdogo alisikia mlio kabla hawajafika, akatoka nje akisema, "Hiyo ni injini yangu."

Mama aliendesha gari lake miaka mitatu na ushei. Ugonjwa ulirudi Januari 2024. Kuanzia Juni mimi ndiye niliyempeleka hospitali, kwa gari hilo hilo, naye akinisimamia njia nzima: "Taratibu. Hiyo klachi, si mende."

Aliaga dunia Jumapili, tarehe 8 Septemba 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, baba akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu sita, mama mdogo, na wajomba wawili. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, pamoja nanyi nyote mliotushika mkono.

Mama alifanya kazi yake akaimaliza. Mungu amjalie mapumziko yenye amani.