Historia ya Mdogo Wetu, Aliyetutunzia Tarehe

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya mdogo wetu, fundi wa maabara ya maji, na inawaomba mtuvumilie pale ambapo tarehe hazitatajwa.

Marehemu alizaliwa mwaka 1958, kitinda mimba wa baba yetu fundi saa, siku na mwezi hatuna hakika navyo, akasoma hadi chuo cha ufundi, na mwaka 1981 akaajiriwa katika maabara ya idara ya maji, alikopima maji ya visima mpaka alipostaafu mwaka 2018.

Alimwoa mshonaji, ambaye leo ndiye mjane wake aliyekaa mbele yenu, wakajaliwa binti mmoja, na siku ya ndoa mjane anaikumbuka kwa gauni alilojishonea, si kwa kalenda, kwa kuwa tarehe zote za ukoo alizishika marehemu.

Alipostaafu alihamishia maandishi yake kwenye kompyuta, katika programu huria ya kuandikia kumbukumbu, isiyouzwa, ambayo yeyote aweza kuona ilivyoundwa, humo akapanga utafiti wake wa visima, dawa zake, vipimo vya mapazia, na historia yake aliyoiandaa isomwe siku kama ya leo, kisha akafunga vyote kwa nenosiri. Mkewe alimtania kwamba hata chumvi ikiisha jikoni lazima aulizwe kwanza mzee wa kompyuta, naye akicheka, nasi tukazoea kumpigia simu kwa kila jambo, tukaacha kukumbuka.

Tarehe 11 Machi 2023 alipatwa na kiharusi, kikamnyima sauti na mkono wa kulia, binti yake akamwekea kompyuta kitandani, marehemu akabonyeza nenosiri kwa kidole cha mkono wa kushoto, programu ikalikataa, akarudia, ikakataa, hadi akageuzia uso ukutani. Binti aliwaandikia waundaji wa programu, wakamjibu kwa upole kwamba nenosiri hubaki kwa mwenyewe, wao hawana cha kufungulia.

Alifariki tarehe 9 Juni 2024, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kwenye ngazi lifti ilipoharibika, na wenzake wa maabara waliokuja kujaribu kila neno walilowahi kumsikia akilipenda. Tunawaomba, mkitoka makaburini, yeyote aliyeongea naye, hata kuhusu maji ya kisima chake tu, amweleze binti yake alichoambiwa, maana hatuna pengine pa kumtafuta.

Mdogo wetu, lala kwa amani.